Mbegu ya Nyuma ya Bafu

Kila msimu, mama mkwe alichuma mbegu nyuma ya bafu. Maji ya kuogea yalitiririka pale, na maharagwe yakanenepa kama mabwanyenye. Aliyachanganya na majivu, akayafungia ndani ya kopo lake. Hakuna aliyethubutu kuligusa.

Lakini misimu mitatu mfululizo, mbegu hizo zilipopandwa shambani, kwenye changarawe, zilinyauka. Sasa watoto walikula mara moja kwa siku.

"Shamba limelogwa," alisema mama mkwe.

Mkaza mwana wake akafungua kiganja. "Mama, tazama hizi. Nimezichuma kwenye shina moja pale changaraweni. Mashina ya kando yake yalikauka, hili likazaa maganda ishirini."

"Vipunje hivi? Wajukuu wangu wale chawa?"

Jirani yao, bwana shamba, akacheka ng'ambo ya ua. "Shikamoo, mama. Ukivaa viatu vya kisigino, utazaa mtoto mrefu?"

"Marahaba. Kuzaa nilikwishaaga zamani, mwanangu."

"Jibu, mama!"

"Aa, wapi! Viatu havirithiwi."

"Basi maharagwe ya bafuni yamevaa viatu! Unene wao ni wa maji, na maji hayarithiwi. Shina hili lilikula changarawe ileile na wenzake, likawashinda. Huenda nguvu hiyo imo ndani ya mbegu."

"Huenda?"

"Ndiyo maana tunapima. Pandeni mbegu zote mbili siku moja, udongo mmoja, mstari kando ya mstari."

"Nikishindwa, kopo ni la mkaza mwana wangu," mama mkwe akaapa. "Nikishinda, atanikanda miguu mwezi mzima!"

Mvua ilikuja, ikakatika mapema. Mstari wa bafuni ukainamisha vichwa. Mstari wa changarawe ukasimama, ukachanua, ukazaa! Siku ya kuvuna, wa bafuni ulijaza kikombe. Wa changarawe ulijaza sufuria, hadi mfuniko ukakataa kufunga.

Mama mkwe aliutazama mfuniko. Akaingia ndani, akatoka na kopo, akamwaga mbegu zake kwenye maji, azioshe majivu.

"Hizi ni za kupika. Unene wake utatushibisha." Akampa mkaza mwana kopo tupu. "Jaza wewe, mwanangu. Majivu nitatia mimi."

Msimu uliofuata, changarawe yote ilivaa kijani. Watoto wakala mchana, wakala jioni, wakabakiza. Na kila aliyepita, mama mkwe alimpigia kelele uani:

"Mbegu usichume majini! Chuma kwa mshindi wa changaraweni!"