Handaki Lililopitisha Sauti

Watu walikuwa wamelizingira dirisha la dawa la hospitali kuu. Mwanamume aliyekunja mikono ya shati lake la bluu alifika mbele akiwa amefumba jicho moja.

"Matone mara tatu kwa siku," mfamasia alimwambia. Chini ya koti jeupe alivaa blauzi ya manjano iliyomkaa sawasawa. "Unatazama nini mchana kutwa?"

"Skrini. Mimi fundi mitandao. Leo ndiyo kwanza natazama kitu kizuri."

"Kwa jicho moja?"

"La pili lingezidiwa."

"Mchumbie nje, wengine tunaumwa!" mtu wa nyuma alipaza sauti. Mfamasia akacheka, na wiki hiyohiyo akampa namba yake.

Wakapendana. Mfamasia alimwita Fundi, Fundi akamwita Dozi. Kisha baba yake Dozi, aliyeishi ng'ambo kwa mwanawe wa kwanza, akazidiwa na ugonjwa wa moyo, na Dozi akaenda kumuuguza. Serikali ya huko ilikuwa imezuia simu za mtandaoni. Fundi akachimba handaki la mtandaoni: ndani ya kiini cha mfumo wa kompyuta yake aliwasha sehemu inayofunga pakiti moja ya data, yaani kifurushi kidogo cha taarifa, ndani ya pakiti nyingine, akafanya vivyo hivyo kwa mbali kwenye kompyuta ya Dozi. Mashine mbili zikazungumza, na waliochunguza njiani hawakujua pakiti zimebeba nini. Alituma pakiti za majaribio. Zote zilirudi, ishara kwamba njia iko wazi.

"Unanisikia, Dozi?"

"Kama uko jikoni! Haya, washa kamera nikuone, mpenzi."

Aliwasha. Upande wa Dozi kioo kilibaki cheusi. Ikawa hivyo kila walipojaribu, mpaka usiku wa kuamkia upasuaji wa baba, mzee alipoomba kuketishwa mbele ya kompyuta.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Sauti naisikia, mwanangu. Uso uko wapi? Nataka nimwone anayemchukua binti yangu, ndipo nitoe radhi."

"Ni mtandao wa huko, baba. Huku kwangu kila kipimo kinapita."

"Ana mke huyo," kaka yake Dozi alidakia. "Anaogopa watoto wasije wakapita nyuma yake."

Dozi aliibeba kompyuta hadi koridoni. "Fundi, kagua upande wako. Nakuomba."

"Handaki ni zima. Labda umegusa kitu."

"Sijagusa. Kagua hata kama una hakika."

"Dozi, kipimo hakidanganyi."

Kweli hakikudanganya. Kilijibu kile kilichoulizwa, na Fundi alikuwa ameuliza kwa pakiti ndogo tu. Akaenda kulala.

Baba hakutoka hai chumba cha upasuaji.

Baada ya mazishi Fundi alituma pakiti kubwa. Haikurudi. Tabaka la nje la handaki huongeza ukubwa, naye hakuwa amepunguza ukubwa wa pakiti za ndani ili kuliachia nafasi. Pakiti za sauti, ndogo, zilipita. Za picha zilitupwa njiani. Vifaa vya njiani vilimtumia taarifa kila mara kwamba mzigo umezidi, lakini taarifa hizo alikuwa amezizuia yeye mwenyewe, kwa ajili ya usalama. Alibadilisha namba moja, ya ukubwa huo, akapiga simu.

Picha ikafunguka. Dozi alikuwa amejifunga kitambaa cheusi, macho yamevimba.

"Nakuona," alisema. "Umekonda."

"Lilikuwa kosa langu, mpenzi. Namba moja tu."

"Najua hukudanganya. Hata kaka nimemweleza kwamba huna mke, ameelewa."

"Basi nije nijitambulishe. Nitapiga magoti kwa mama yako."

"Usije." Alifuta pua kwa ncha ya kitambaa. "Baba aliniuliza wakimsukuma kwenye kitanda, 'Mwanangu, anaficha nini?' Nikakosa jibu. Akaingia nalo swali lake."

"Sikujua, Dozi."

"Sikukutaka ujue. Nilikutaka utazame tu, kwa kuwa nimekuomba. Ukaniambia una hakika. Nikikaa nawe, kila utakaposema una hakika nitamsikia baba."

"Nipe muda. Tafadhali."

"Kaa salama, Fundi."

Picha ilikuwa safi, haikukwama hata mara moja. Aliuona wazi mkono wa Dozi ukija kuizima.