Nusu Hatua Kushoto

Ukumbi wa kuwasili wa uwanja wa ndege ulifurika matarumbeta, bendera na watu waliokuja kuipokea timu ya taifa ya wanaume, iliyokuwa imetoka kutoa sare ugenini. Mtangazaji wa redio, koti la kijivu, tai nyekundu, viatu vinang'aa kama kioo, alimgusa bega mwanamke mrefu aliyesimama mbele yake na begi mgongoni.

"Dada, samahani, sogea kidogo. Timu ya taifa inatoka."

"Imeshatoka," alijibu bila kugeuka. "Ndiyo hii unayoisukuma."

Hapo ndipo mtangazaji alipoiona nembo ya taifa, na mikono ya traksuti iliyokunjwa kwa sababu ilishonwa kwa kipimo cha wanaume. Mwanamke huyo alikuwa kipa wa timu ya taifa ya wanawake, na wenzake walimwita Komeo.

"Mmetoka wapi?"

"Raundi ya mwisho ya kufuzu fainali za bara. Tumetolewa."

"Poleni. Mara ya kwanza?"

"Ya tatu. Ungekuwa mtangazaji wa michezo ungejua."

"Mimi ni mtangazaji wa michezo."

"Basi pole na wewe."

Mtangazaji alicheka mpaka akasahau maikrofoni yake. Komeo hakucheka, ila namba ya simu alimpa.

Rekodi ya timu ile haikuchosha kuisoma: ilijaribu kufuzu mara tatu, ikafika raundi ya mwisho mara tatu, na fainali zenyewe iliziona kwenye televisheni. Komeo alikuwa langoni mara zote. Alikuwa na miaka thelathini na minne, na goti la kulia lililovimba kila msimu wa mvua. Jaribio la nne lingekuwa la mwisho kwake. Hilo alilijua kama anavyojua upana wa goli.

Mtangazaji alianza kwa mahojiano, akaendelea kwa kuhudhuria mazoezi, akaishia kupiga simu kila mchana.

"Kipa wangu, umekula?"

"Wako tangu lini? Ulisajili?"

"Nimewasilisha maombi. Nasubiri dirisha lifunguliwe."

"Subiri. Foleni ni ndefu."

"Mbele yangu yuko nani?"

"Goti."

Ndiye aliyeanza kuzitangaza mechi za wanawake moja kwa moja, na watu wakaanza kujaa uwanjani. Komeo alikuwa mgumu wa kusifu, lakini alikiri mwenyewe kwamba sauti ile ilikuwa imeifanyia timu jambo ambalo hakuna kiongozi aliyewahi kulifanya. Na alimpenda. Alimpenda kwa utani wake, kwa mashati yake yaliyonyooshwa kupita kiasi, na kwa namna alivyosikiliza huku amefumba macho.

Jumapili moja alasiri, jikoni kwa mtangazaji, wali ukiungua taratibu, alimuuliza, "Penalti unazijuaje, mpenzi?"

Komeo aliufanya mlango wa jiko kuwa goli. "Sijui. Nachagua mimi. Nasimama nusu hatua kushoto kwangu. Mpigaji anaona kulia kwangu kuko wazi kama shamba lisilo na mwenyewe. Anapiga huko, na mimi nimeshaondoka kwenda huko."

"Mchawi wewe!"

"Hili linabaki hapa. Hata kocha hajui."

"Hata mto wangu hautalisikia, laazizi."

Jaribio la nne liliwakutanisha na nchi jirani, watu wa lugha moja nao. Mechi ya kwanza ilikwisha sare. Jioni ya kuamkia marudiano nyumbani, redioni, msikilizaji mmoja alipiga simu akidai kipa amezeeka. Mtangazaji alihisi damu ikimpanda. Akamjibu kwa dakika kumi nzima: kipa huyu hana bahati, ana akili. Na ili asionekane anapayuka, akaeleza hiyo akili ilivyo, kuanzia nusu hatua ya kushoto.

Siku iliyofuata sare ilikuwa ileile, wakaenda kwenye penalti. Mpigaji wa kwanza wa wageni alipiga kushoto kwa Komeo, pale palipobana. Wa pili palepale. Wa tatu palepale. Kwa wa nne Komeo alisimama katikati, akapangua, lakini wenzake wawili walikuwa wameshakosa. Wa tano alipofunga, jaribio la nne nalo likaishia hapo.

Nahodha wa wageni alimkumbatia. Hakuwa na ubaya. "Dada yangu, pole. Kocha alikuwa na redio hotelini."

Komeo alipiga simu akiwa bado na glovu moja mkononi.

"Ulisema?"

"Nilikuwa nakutetea."

"Nilikuwa nimekuomba unitetee?"

"Walikuwa wanakutukana, mpenzi..."

"Wangetukana. Ningefuzu."

Akakata. Wiki zikapita bila kupokea simu yake. Mama yake, aliyekuwa akimkanda goti, alimwambia, "Mpira umekwisha, mwanangu. Mwanaume yupo. Usipoteze vyote viwili."

"Mama, kimoja ndicho kilichonipotezea kingine."

"Basi msamehe, uone kilichobaki."

Komeo aliyatafakari maneno hayo kwa haki, akayaona yana uzito. Siku mtangazaji alipokuja uwanja wa mazoezi, ambako sasa Komeo alimfundisha kipa wa akiba atakayerithi nafasi yake, alitoka golini kumsikiliza. Mtangazaji alikuwa amekonda. Shati halikupigwa pasi.

"Nilikosa," alisema. "Sina la kujitetea."

Mkono wa Komeo ukamgusa shavu wenyewe. "Nimekukumbuka. Hilo sitakuficha."

"Na watu wote sasa wanajua hukuwa na kosa. Asubuhi hii nimekiri redioni. Nimewaambia kila kitu: kwamba tunapendana, kwamba uliniamini, jikoni, wali ukiungua..."

Mkono ulirudi taratibu.

"Wali pia?"

"Nilitaka kukusafisha, mpenzi. Sikiliza. Nataka kukuoa."

"Na hilo umeshalitangaza?"

Mtangazaji aliinamisha kichwa. "Nilidokeza tu."

Komeo alicheka, kicheko cha kweli, kisha macho yakamjaa machozi. Mtu huyu hakuwa mwongo. Hakuwa mbaya. Alikuwa nyumba nzuri isiyo na mlango, na yeye alihitaji mahali pa kusema jambo likabaki.

"Nenda, mpenzi wangu," alisema. "Hapana. Na hiyo hapana yangu, kama unaweza, usimwambie mtu."

Alirudi golini. Mtangazaji alisimama getini, hakuondoka.

"Dada," kipa wa akiba aliuliza, "kwenye penalti nisimame wapi?"

Komeo alifungua kinywa, akatazama getini, akakifunga.

"Ngoja kwanza," alisema. "Aende."