Mayai ya Kasa Hayageuzwi

Kila siku akitoka shule, Kimya alivua sare, akala harakaharaka, kisha akampelekea shangazi yake chakula ufukweni. Jina hilo alipewa na wenzake darasani, maana swali likimjia alilimeza. Njia yake ilipita katikati ya msitu. Mbega walimchungulia kutoka juu, na hondohondo walipiga kelele kama watu wanaogombania ndoo bombani. Msitu ukiisha, ghafla ni bahari, na siku nyingine aliwaona pomboo wakiruka kule mbali.

Shangazi alikuwa mlinzi wa viota vya kasa. Kasa hupanda ufukweni, huchimba shimo, hutaga, hufukia, kisha hurudi zake baharini. Kiota kimoja kilikuwa jirani kabisa na kibanda cha shangazi, kimefunikwa wavu ili kenge wasile mayai.

"Hiki nakukabidhi wewe," shangazi alimwambia. "Nikienda kuzunguka, kenge akija mfukuze."

"Na mama yao?"

"Ameshaenda. Kasa hajui kulea, mwanangu."

Maneno hayo yalimkaa Kimya moyoni. Nyumbani mama yake alifuga kuku, na alikuwa akimwona kuku anavyoyageuza mayai kwa mdomo, yapate joto pande zote. Haya yasiyo na mama nani atayageuza? Alitaka kuuliza. Lakini alikumbuka alivyomuuliza mwalimu kama samaki hulala, darasa zima likacheka na kupiga madawati. Akanyamaza.

Tangu hapo, shangazi akishaondoka, Kimya aliinua wavu, akachimbua mchanga polepole, akayageuza mayai yote ambayo mkono wake uliyafikia. Alikuwa akiyaimbia pia. Kisha aliyafukia na kusawazisha mchanga kwa kiganja.

Mayai ya viota vingine yalianguliwa, kasa wadogo wakakimbilia majini. Kiota cha Kimya kikabaki vilevile. Muda ulipopita sana, mkuu wa hifadhi alikuja, akapiga magoti, akachimbua. Akapasua yai la kwanza. Limeharibika. La pili, hivyohivyo.

"Haya yamechezewa," alisema. "Mchanga umelegea mpaka huku ndani. Mama, ulikuwa wapi?"

"Hapahapa. Sijamruhusu mtu ayaguse."

"Basi yamejichezea yenyewe? Usinifanye mtoto. Kesho naleta mlinzi mwingine, wewe utarudi kufagia ofisini."

Shangazi alijipangusa mchanga mikononi, akaanza kukusanya vyombo vyake.

Kimya alisogea mbele. "Ni mimi," alisema, lakini sauti haikutoka. Akarudia. "Mzee, ni mimi. Nilikuwa nayageuza. Kama kuku."

"Kama nini?"

"Kama kuku. Niliona yatapoa upande mmoja."

Mkuu alimtazama, kisha akakaa mchangani kama mtu aliyechoka. "Yai la kasa si la kuku, mjukuu wangu. Kitoto hujishikiza kwenye ganda, upande wa juu. Ukiligeuza, kinakufa."

Kimya aliyatazama yale mayai. Hakulia kwa sauti. Machozi tu yalishuka, akayaacha.

"Mama, nisamehe," mkuu alimwambia shangazi. "Kazi yako ipo."

Akaendelea kuchimbua. Chini kabisa, mchanga ukatikisika. Kichwa kidogo kikatokeza, kisha kingine. Walikuwa wachache sana.

"Hawa mkono wangu haukuwafikia," Kimya alisema.

Wale kasa walianza kutambaa kuelekea majini, wakiteleza, wakisimama, wakianza tena. Mmoja alipinduka, miguu ikapiga hewa. Kimya alinyoosha mkono, akauzuia kabla haujamgusa.

"Shangazi, nimsaidie?"

"Subiri kidogo. Akishindwa, nitakuonyesha namna ya kumshika."

Kasa yule alijipindua mwenyewe, akaendelea. Wimbi likamchukua.

Kisha wote watatu wakayafukia yale mayai yaliyokufa. Kimya ndiye aliyesawazisha mchanga. Shangazi alimshika bega.

"Ungeniuliza siku ile ningecheka kidogo, sikudanganyi. Halafu ningekujibu. Kicheko hakiui, mwanangu. Swali ulilolificha ndilo lililoua. Lakini leo umesema kweli mbele ya mkubwa, na umeuliza kabla ya kugusa. Endelea hivyohivyo."

Kimya aliitikia kwa kichwa. Kisha akakumbuka, akaitikia kwa mdomo.