Hakuna Ofisi ya Kazi Yoyote

Katune alianza kuumwa uchungu jua lilipochomoza. Katune alikuwa mbuzi mwekundu, mkaidi kuliko mbuzi wote wa Mzee Kiilu. Ndinda, binti wa Kiilu, alimsikia akilia. Aliacha uji motoni, akamwomba mama yake aukoroge, akakimbilia zizini.

Mguu mmoja wa mtoto ulikuwa umetokea. Wa pili haukuonekana. Ndinda akajua mara moja kwamba umekunjika nyuma. Alinawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko, akapiga magoti.

"Tulia, Katune. Tulia, mama."

Polepole alimrudisha mtoto ndani kidogo. Akautafuta ule mguu, akaupata, akaunyoosha. Katune akasukuma. Mtoto akateleza hadi kwenye majani makavu, akapiga chafya.

"Mashallah!" ilisema sauti nyuma yake.

Alikuwa Mzee Abdulkadir, mwenye bucha katika soko la mji wa Wote. Yeye ni mzaliwa wa Kitui mjini. Asubuhi hiyo alikuja kutazama beberu wa kununua. Lakini kabla ya bucha, Mzee Abdulkadir alikuwa karani katika shamba kubwa la mkonge. Kwa miaka kumi na minane kazi yake ilikuwa kuwahoji watu waliotaka kuajiriwa.

"Shikamoo, Mzee," alisema Ndinda.

"Marahaba, binti yangu. Nani alikufundisha kuzalisha mbuzi?"

"Hakuna mtu. Nimezoea tu."

Mama yake, Syombua, alikuja na kikombe cha uji kwa ajili ya mgeni.

"Baba Hasina, utuombee Mungu," alimwambia Mzee, akimwita kwa jina la mwanawe. "Huyu ana intavyu Ijumaa. Ni ya tatu sasa. Mbili za kwanza alianguka."

Ndinda aliinamisha kichwa. Jambo hilo lilimuuma. Mumewe alikuwa amefariki, naye alirudi kwao na mtoto wake, Mumbua, mwenye miaka minne. Chakula cha nyumba hiyo hakikutosha watu wote. Ijumaa alikuwa ameitwa na Mradi wa Mbuzi wa Kyumani, si mbali na mahali paitwapo Kiboko. Kama angeikosa kazi hiyo, Jumatatu angekwenda Ruiru na shangazi yake kuchuma kahawa. Huko wachumaji walilala kumi katika chumba kimoja. Mumbua angebaki nyuma. Mtoto mwenyewe hakujua lolote. Alikuwa ameketi mlangoni akikipa kibuzi kipya jina.

"Sasa hebu niambie," alisema Mzee Abdulkadir. "Kwenye zile mbili za kwanza ulisema nini?"

"Waliniuliza nataka kazi gani. Nikasema kazi yoyote."

"Kazi yoyote!"

"Ndiyo. Ili waone mimi sichagui."

Mzee aliweka kikombe chini. Alipindua debe, akalikalia, akakunja uso kama bosi.

"Binti yangu, mimi nimeona ofisi nyingi. Nimeona ya mhasibu, nimeona ya daktari, hata ya mtu wa kufukuza ndege nimeona. Ofisi ya Kazi Yoyote sijaiona bado. Ukisema hivyo, yule anayekuhoji hajui akuweke wapi. Atakuweka nje."

Syombua alicheka hadi akashika mbavu. Ndinda hakucheka. Alikuwa akifikiri.

"Haya, tujaribu," alisema Mzee. "Mimi ndiye Mradi. Dada, umewahi kufanya kazi gani?"

"Hakuna. Nimekaa tu nyumbani."

Mzee aliitazama mikono ya Ndinda. Bado ilikuwa na unyevu hadi kwenye viwiko. Akakitazama kibuzi, ambacho kilikuwa tayari kinatafuta chuchu ya mama yake.

"Umekaa tu?" aliuliza. "Na huyu amezalishwa na malaika? Mwaka wa njaa, themanini na nne, watu walipokuwa wakinipigia hodi niwachinjie mbuzi kabla hawajafa, zenu zilichungwa na nani?"

"Ni mimi."

"Zilikuwa ngapi?"

"Ishirini na mbili. Njaa ilipoisha zilibaki kumi na tisa."

"Kumi na tisa! Jirani yako alibaki na ngapi?"

"Nne."

"Sasa mbona hujawahi kumwambia mtu?"

Syombua ndiye aliyejibu, tena kwa ukali kidogo. "Baba Hasina, usimfundishe mtoto wangu kujisifu. Hapa kwetu hiyo ni tabia mbaya. Hata nyinyi Waswahili mnasema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza."

Ndinda alimtazama mzee. Alitaka sana kusikia atajibu nini, kwa sababu maneno ya mama yake ndiyo aliyoyaamini maisha yake yote.

"Umesema kweli, Mama Ndinda," alisema Mzee. "Kizuri chajiuza. Lakini kinajiuza wapi? Sokoni, mbele ya macho ya watu. Nikikuambia nina beberu mzuri, halafu nije sokoni mikono mitupu, utanunua nini? Wale watu wa Kyumani hawajaliona zizi hili. Ndinda hawezi kuwapelekea mbuzi kumi na tisa ofisini. Ni lazima awapeleke kwa mdomo wake."

"Kwa mdomo?" aliuliza Syombua.

"Kwa mdomo. Kujisifu ni kusema usilolifanya. Kusema ulilolifanya, idadi yake, na nani alikuona, huo ni ushahidi. Hata kanisani kwenu si watu husimama wakatoa ushuhuda?"

Syombua aliinama akaokota kikombe cha mgeni. Hapo alikuwa ameshikwa.

Ndinda alihisi kitu kikifunguka ndani yake. Alikuwa na furaha na woga kwa pamoja. Alichukua debe la pili, akakaa mbele ya mzee.

"Niulize tena," alisema.

Walifanya hivyo siku tatu mfululizo. Kila Mzee alipofunga bucha, alipita kwa Kiilu. Aliuliza, Ndinda akajibu. Ndinda akizungumza akitazama chini, Mzee alinyamaza hadi ainue macho.

"Najua ni heshima," alimwambia. "Lakini pale wanataka kukuona uso. Mtazame anayeuliza, kwa upole, kama unavyotazama mtu unayemsalimia."

Siku ya pili alimuuliza, "Dawa ya minyoo mbuzi mkubwa hupewa kiasi gani?"

"Sijui. Nitasema nini hapo?"

"Utasema hujui. Usibuni. Mtu akibuni mara moja, hata ukweli wake hauaminiwi tena. Sema hujui, halafu sema utajifunza vipi."

Jioni ya mwisho Syombua alileta koti la kuazima kutoka kwa mke wa mwalimu. Lilikuwa la samawati, zuri sana, na lilimmeza Ndinda mzima. Mumbua alimtazama mama yake akalia, akidhani ni mgeni.

"Rudisha hilo," alisema Mzee akicheka. "Vaa gauni lako la kanisani. Fua, piga pasi, basi. Chukua cheti chako cha darasa la saba, kitambulisho, na barua ya pasta inayosema anakujua. Fika mapema. Na wakikuuliza kama una swali, usiseme huna. Uliza jambo la kazi yenyewe. Asiyeuliza, hanalo ajifunzalo."

Alhamisi Ndinda alilala kwa binamu yake Makindu. Ijumaa saa mbili kasoro alikuwa langoni pa Mradi, mahojiano yakiwa saa tatu. Alidhani atakuwa wa kwanza. Kumbe aliwakuta watu kumi na wanne! Kijana mmoja alikuwa amevaa tai na kushika faili nene.

"Wewe umesoma mpaka wapi?" alimuuliza Ndinda.

"Darasa la saba."

"Aa, pole. Mimi niko na fomu foo."

Moyo wa Ndinda ulidunda kama mtu anayetwanga mahindi. Alitamani kurudi Makindu. Lakini aliwakumbuka mbuzi wake. Alikuwa amewabeba mdomoni toka Wote, hangeweza kuwarudisha nyumbani bila kuwaonyesha.

Aliitwa saa nne na nusu.

Ndani kulikuwa na watu wawili nyuma ya meza. Bwana Kilonzo, meneja, alikuwa na miwani. Kando yake aliketi mama mmoja aliyevaa gambuti zenye matope. Alijitambulisha kama Daktari Muthoki, daktari wa mifugo. Ndinda aliwaamkia, akasubiri hadi alipoonyeshwa kiti.

"Tuambie habari zako," alisema Bwana Kilonzo. "Umekuwa ukifanya nini?"

Nimekaa tu. Maneno hayo yalikuja yenyewe hadi ncha ya ulimi. Ndinda aliyameza. Akainua macho.

"Mimi ni mfugaji wa mbuzi," alisema. "Nimewatunza mbuzi wa baba yangu miaka sita, kabla ya kuolewa na tangu niliporudi. Wakati wa njaa ya themanini na nne tulikuwa nao ishirini na wawili. Kumi na tisa walipona."

Daktari Muthoki aliinua kichwa. "Walipona vipi?"

"Kabla nyasi hazijaisha, niliokota maganda ya mti wa mgunga, gunia kumi na moja, nikaweka darini. Watu walinicheka. Kiangazi kilipokaza nilianza kuyatoa, wenye mimba kwanza. Na sikuwapeleka mtoni saa ya jua kali."

Sasa maneno yalikuwa yanamtoka bila kusukumwa. Alieleza jinsi alivyomzalisha Katune Jumatatu iliyopita. Alionyesha kwa mikono jinsi mguu ulivyokunjika. Alisahau kuogopa. Bwana Kilonzo alikunja uso kidogo kusikia habari za uzazi, lakini daktari alikuwa ameinama mbele, akisikiliza.

"Na dawa ya kupe," aliuliza daktari, "unaichanganya na maji kiasi gani?"

"Hiyo sijui, daktari. Nyumbani tulitoa kupe kwa mkono. Lakini nikionyeshwa mara moja nitaandika, na sitakosea."

Daktari aliandika kitu. Bwana Kilonzo alivua miwani.

"Dada, tuseme ukweli. Wengi hapa wamesoma kuliko wewe. Lakini tuna nafasi jikoni pia. Tukikupa hiyo badala ya mbuzi, si utachukua?"

Akilini Ndinda alimwona Mumbua mlangoni kwao. Aliiona Ruiru. Kazi yoyote, ulimi ulitaka kusema. Sema, usije ukakosa zote mbili!

"Kazi ya jikoni si aibu, na kupika najua," alisema polepole. "Mkisema hakuna nyingine, nitaifikiria. Lakini mimi nimekuja kwa sababu ya mbuzi. Mkiniweka jikoni mtapata mpishi kama wapishi wengine. Mkiniweka kwa mbuzi, hamtajuta."

Bwana Kilonzo alivaa miwani tena. Ndinda alidhani ameharibu.

"Una swali lolote?" aliuliza Bwana Kilonzo.

"Ndiyo, ninalo moja. Mbuzi akishikwa na uchungu usiku, ni nani analala karibu na banda?"

Bwana Kilonzo alimtazama Daktari Muthoki. Daktari alimtazama Bwana Kilonzo. Kisha daktari akaweka kalamu mezani na kucheka kwa sauti.

"Hakuna!" alisema. "Tangu mwaka uanze tumepoteza vibuzi tisa usiku, na watu kumi na wanne wameingia hapa leo kabla yako. Wote wameuliza habari ya likizo."

Barua ilifika Jumapili. Mlinzi wa Mradi, ambaye kwao ni Wote, aliileta mpaka mlangoni pa kanisa. Ndinda aliifungua papo hapo. "Tunafurahi kukujulisha..." Hakuendelea. Alipiga kelele hadi pasta akatoka nje akidhani kuna nyoka. Syombua alipiga vigelegele. Mumbua aliruka ruka, ingawa hakujua ni kwa nini.

Ndinda alikimbia hadi kwa Mzee Abdulkadir na kalamu mkononi. "Mzee, natia sahihi wapi?"

"Ngoja kwanza! Umeisoma hadi mwisho?"

"Si nimepata kazi?"

"Umepewa kazi. Sasa soma unachokubali. Jina la kazi, siku ya kuanza, mshahara, mahali pa kulala. Na kabla ya kutia sahihi, uliza lile linalokuhusu. Kuuliza kwa adabu hakumnyang'anyi mtu kazi."

Waliisoma pamoja, neno kwa neno. Karibu na mwisho iliandikwa kwamba Mhudumu wa Mbuzi atapewa chumba kando ya banda, ili awe karibu usiku. Ndinda alirudia mstari huo mara tatu.

Jumatatu, badala ya kwenda Ruiru, alikwenda Kyumani. Alimkuta Daktari Muthoki bandani.

"Daktari, nimeikubali kazi kwa moyo wote. Nina jambo moja la kuuliza kabla ya sahihi. Nina mtoto wa miaka minne. Naweza kuishi naye katika kile chumba?"

"Anaogopa mbuzi?"

"Huyo? Yeye ndiye huwapa majina."

"Basi mlete."

Ndinda alitia sahihi palepale, juu ya mgongo wa beberu aliyekuwa ametulia.

Msimu huo vibuzi thelathini na wanne walizaliwa Kyumani. Walipona thelathini na watatu, na kila mmoja alikuwa na jina. Habari hizo zilifika Wote haraka, kwa sababu Syombua alizipeleka mwenyewe. Kila siku ya soko alisimama mbele ya bucha akiwasimulia wateja. "Thelathini na watatu! Msiniamini mimi. Kamuulizeni daktari!"

"Mama Ndinda," alisema Mzee Abdulkadir siku moja akinoa kisu, "si ulisema kizuri chajiuza?"

"Chajiuza, ndiyo," alijibu Syombua bila kugeuka. "Lakini ni lazima mtu akitoe zizini kwanza."