Mgeni Aliyemtafuta Bi Uzi

Shangazi yake Bi Uzi ndiye aliyeanzisha, na wala hakuwa na nia mbaya. Aliuliza tu kwenye simu, katikati ya kicheko, "Na yule mgeni wako, mwishowe alikupata?"

Bi Uzi akauliza mgeni gani.

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limejaa sebuleni, na Bi Uzi amekaa na mjukuu wake wa miaka tisa, ambaye kwa wingi wa maneno watu walimwita Kasuku. Kasuku alikuwa amerudi kutoka shule ya bweni, na likizo hiyo kazi yake ilikuwa moja, kumchokonoa bibi yake. Ulipokuwa mdogo likizo ulilala kwa nani? Nani alikuwa anakoroma? Mlango ulikuwa wa rangi gani? Bibi akisahau, wanapigia jamaa simu.

Maana likizo za Bi Uzi zilikuwa na nyumba nyingi. Mama yake alikuwa mpishi kwenye nyumba ya watu, analala jikoni, na wenye nyumba hawakutaka mtoto. Basi bweni likifungwa, binti anapelekwa kwa babu. Likizo ya pili kwa shangazi. Ya tatu kwa mjomba fundi viatu, akilala chini ya meza ya kazi na kuamka kichwa kimejaa harufu ya gundi. Akakua, akapata kazi ya kushona mashuka ya hospitali, na huko ndiko walikompa jina la Bi Uzi kwa wembamba wake. Hata alipoolewa walipanga vyumba vya watu. Mume akafa, watoto wakakua, na likizo zake akazimalizia kwa shoga yake, kwa wifi, kwa mwanawe wa kiume. Kila nyumba alijua godoro lipi lina shimo. Hakuna nyumba aliyojua ufunguo unafichwa wapi.

Mpaka juzi hapa, binti yake alipomaliza kujenga, akamfungulia mlango wa chumba chenye cherehani jipya dirishani, akamwambia, "Mama, hapa ndipo kwako. Huhami tena." Bi Uzi alipapasa ukuta kama anayempima mtoto homa. Leo ilikuwa siku ya nne, na bado nguo zake zilikuwa ndani ya begi. Mazoea, alisema.

Sasa shangazi akaeleza. Mwaka mzima baada ya Bi Uzi kumaliza likizo kwake, alikuja mwanamke wa makamo, begi kwapani, kiatu kimoja kinalia na kingine hakilii. Akamuulizia yule mtoto, akauliza kama hapo ndipo kwao. Akaambiwa hapana, alikuja likizo tu. Akaomba kujinyoosha kidogo, akapewa kitanda alicholalia mtoto. Walipoamka hayupo, na chumba kizima kinanuka majivu yaliyonyeshewa mvua. "Nikajua ni ndugu wa mama yako," shangazi akasema. "Watu wa upande ule hawaagi."

Kasuku alifurahi, amepata hadithi mpya. Akampigia fundi viatu, ambaye sasa ni mzee asiyeona, naye akamkumbuka mara moja kwa mlio wa kile kiatu, maana viatu ndiyo kazi yake: mwanamke wa begi, alikuja miezi sita baada ya mtoto kuondoka. Shoga wa hospitali akasema kwake ulipita mwezi. Wifi akasema wiki, kisha akashusha sauti. Yule ni nani wako, aliuliza. Alikunywa maji glasi tatu mbele yangu, na nilipokwenda kuziondoa zote tatu zilikuwa zimejaa.

Kasuku akaacha kucheka. Akahesabu kwa vidole. Kati ya kwa shangazi na kwa wifi ilipita miaka arobaini, na wote walikuwa wanamweleza mwanamke yule yule wa makamo.

Simu ikalia, shangazi tena, na Kasuku akaiweka kwenye spika. Safari hii hakuwa na utani. Shangazi huyu alikuwa amekula chumvi nyingi katika kazi ya kutibu watu wenye majini, na aliuliza jambo moja: likizo ile ya kwanza, ulipoondoka kwa babu, uliwaaga akina nani?

Bi Uzi akafumba macho. Mama yake alikuwa amemfunza kwamba mtoto mwenye adabu haondoki kimya. Anapita mlango kwa mlango, anaaga, anasema karibuni nanyi kwetu. Naye, miaka saba, alipita milango yote ya babu, hata ule wa mwisho uani uliofungwa kwa kufuli. Akaweka mdomo kwenye tundu la ufunguo, akasema naondoka, karibu nawe kwetu. Na ndani, taratibu, kwa heshima kabisa, sauti ikasema nitakuja.

"Nilidhani ni mama mkubwa wa pale kwa babu ananitania," alisema.

Shangazi akamwambia, "Mwanangu, wewe hukuwa na kwenu."

"Sikuwa napo."

"Ndiyo maana hakai. Akifika anaambiwa si hapa, anainuka. Akipata kwenu hainuki tena, ataishi na ninyi na watoto wenu. Na mimi simfukuzi, maana hakuvamia, alialikwa. Atauliza mara moja tu. Aambiwe wewe ni mgeni hapo. Na iwe kweli, uongo anausikia harufu."

Kabla hajaweka simu chini ikaingia ya mwanawe, mchangamfu kama kawaida yake. Mama, mgeni wako alilala hapa, ameondoka alfajiri. Nimemwelekeza vizuri, hatapotea.

Bi Uzi aliingia chumbani kwake. Akasimama mbele ya cherehani ambalo hata sindano alikuwa hajaivisha uzi, akaliangalia kama mtu anavyoangalia mtoto wa mwenzake aliyemshika kwa dakika mbili tu, na akiwa bado amesimama hivyo akasikia kule mwisho wa barabara, chini ya jua la saa nane wakati mbwa wamelala na majirani wamefunga madirisha kwa joto, kiatu kimoja kinalia, kisha kimya cha kiatu cha pili, kisha kinalia, nayo harufu ya majivu mabichi ikapenya chini ya mlango kabla ya mwenyewe, ikapanda kwenye mapazia, ikamkaa kooni, na yeye akawa anachomoa kitambaa cha kitandani, anatupa kandambili ndani ya begi, anavuta zipu inayokwama, anasema moyoni naondoka, naondoka kweli, sirudi kulala hapa, mpaka maneno yakaacha kuwa maneno yakawa uamuzi.

Hodi ilipigwa kwa adabu.

Alipotoka na begi mkononi, Kasuku alikuwa amekwisha fungua. Mwanamke alikuwa amesimama kizingitini, na jua lililokuwa nyuma yake halikumtupia kivuli mbele. Hakumtazama Bi Uzi hata kidogo. Aliinama kwa mtoto.

"Mjukuu wangu, hapa ndipo kwao bibi yako?"

Kasuku, ambaye hajawahi kuulizwa swali akajibu kwa neno moja, aligeuka. Akaona begi. Akaona uso wa bibi yake. Machozi yalimshuka, lakini sauti ikatoka imenyooka.

"Hapana. Bibi alikuja likizo. Anaondoka sasa hivi."

Mwanamke alivuta pumzi puani, polepole, kama anayeonja mchuzi. Kisha akaweka begi lake kwapani, akashuka ngazi.

Bi Uzi hakungoja. Alimpeleka mtoto kwa jirani amngoje mama yake atoke kazini, akaondoka kwa njia nyingine.

Jioni alikuwa kwa shoga yake, kwenye godoro analolijua, binti yake alipopiga simu akilia. Nimekukosea nini, Mama? Rudi, hapa ndipo kwa—

"Usimalize, asije akasikia," Bi Uzi akamkata. "Sema nije kuwatembelea. Sema kwa sauti, ukiwa mlangoni mwa kile chumba."

Binti akauliza, kwa sauti ili asikie nani, humu niko na mtoto tu. Ndipo Kasuku akamnyang'anya mama yake simu, akakielekea chumba kitupu, akasema kwa nguvu kwamba bibi ni mgeni, atakuja likizo, atalala siku tano, ataondoka.

Kisha akaiweka simu mdomoni kabisa, akanong'ona, "Bibi, nimesema vizuri?"