Ukurasa wa Tatu

Kila siku baada ya masomo, Odilia alikuwa na kazi ambayo wenzake wa darasa la sita hawakuwa nayo. Alikuwa macho ya babu yake. Mzee Teofili alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili, na ingawa aliweza kuzunguka kijijini bila kushikwa mkono, herufi zilikuwa zimemtoroka tangu miaka mitatu nyuma. Basi barua za mjomba anayekata miwa, matangazo ya ushirika, hata maandishi ya kwenye chupa za dawa, yote yalipitia kinywani mwa Odilia. Mzee alisikiliza huku kidole kikigonga goti, na ole wake msomaji anayemumunya maneno.

Ulikuwa mwezi wa tano, mwaka 1996, na kijiji cha Limbwanga kilikuwa kitupu. Mpunga ulikuwa unakomaa, na watu wazima karibu wote walikuwa wamehamia bondeni, mwendo wa saa mbili kwa miguu, kuamia ndege wasile mpunga. Huko kila familia hujenga dungu, kichanja kirefu chenye paa la nyasi, na kukaa juu yake toka alfajiri hadi jua lizame, ikipiga makopo na mayowe. Anayeacha shamba lake asubuhi moja tu, hurudi akakuta ndege wamemsaidia kuvuna. Kijijini walibaki wanafunzi, wazee na kuku.

Wakati huohuo ndipo Bwana Alfonsi, mfanyabiashara wa mpunga kutoka Ifakara mjini, alipoona inafaa kuja kununua mashine ya kijiji ya kukoboa mpunga. Miaka ile neno ubinafsishaji lilitajwa redioni kila kukicha, nalo lilikuwa limefika Limbwanga. Mashine ilikuwa imezeeka, inaharibika kila msimu, na mwenyekiti wa kijiji, Bwana Fidelis, alisema heri apewe mtu mwenye uwezo. Mzee Teofili alikuwa mkuu wa kamati ya mashine. Bila sahihi yake, mashine isingeuzwa.

"Nakuachia mkataba, mzee wangu," Bwana Alfonsi alimwambia barazani kwake. "Mjukuu wako akusomee. Nitaupitia jioni. Hakuna haja ya kuwasumbua watu mashambani kwa jambo dogo."

Mkataba ulikuwa na kurasa nne. Odilia alisoma wa kwanza vizuri, bei na majina. Wa pili nao akausoma, jengo na vipuri. Kufikia hapo, sauti za wenzake waliokuwa wakicheza rede nyuma ya nyumba zilikuwa zimemjaa masikioni.

"Odilia! Timu yetu imebaki na mtu mmoja! Njoo bwana!"

Alifunua ukurasa wa tatu. Maandishi yalikuwa madogo, yamebanana, na yalianza na "kwa kuzingatia yaliyotajwa hapo juu". Akaufunika.

"Na huo?" Babu aliuliza.

"Ni hayohayo, Babu. Yamerudiwa tu. Wa mwisho ni wa sahihi."

Mzee akasema, "Haya. Nishike mkono nitie sahihi."

Odilia akamwekea kalamu mahali pake, halafu akaondoka mbio kwenda kuiokoa timu. Walishinda. Jioni Bwana Alfonsi alichukua nakala yake, akaacha nyingine kwa Mzee, akaenda zake akipiga mluzi.

Siku ya Alhamisi bibi kizee jirani yao alimtuma Odilia mashineni na debe la mpunga. Mpunga ulipokwisha kukobolewa, Odilia aliinama kuzoa pumba kama walivyofanya watu wote tangu mashine ije. Limbwanga pumba ni mali ya mwenye mpunga. Hulisha kuku na nguruwe, na mama yake Odilia, Fausta, alikuwa na nguruwe wanne ambao ndio waliokuwa wakimlipia dada yake sekondari kule Mahenge. Bila pumba hakuna nguruwe, na bila nguruwe dada angerudi nyumbani.

Kijana mgeni aliyekuwa amekaa mlangoni akaweka mguu juu ya pumba.

"Acha hizo, mdogo wangu. Kuanzia Jumamosi ni za bosi, lakini ameniambia nianze kuzikusanya."

"Bosi gani? Pumba ni za mwenye mpunga!"

"Bwana Alfonsi. Usibishane na mimi, kabishane na mkataba. Ukurasa wa tatu."

Odilia akaziacha pumba. Alimpelekea bibi mchele wake, kisha akaingia chumbani kwa Babu, akatoa mkataba kwenye sanduku la bati na kwenda kujificha nao jikoni. Safari hii alisoma kila neno, na yale magumu akayasoma mara mbili. Pumba na chenga za mchele zote zilikuwa za mnunuzi. Hilo lilikuwa dogo. Kwa miaka mitatu kijiji kingeendelea kununua dizeli ya mashine na kulipia matengenezo yake, na fedha zingetoka kwenye mfuko wa ujenzi wa shule. Mwisho kabisa, kwa maandishi madogo kuliko yote: makabidhiano yatafanyika Jumamosi.

Mfuko wa shule! Darasa la sita lilikuwa na paa nusu. Masika hiyo walikuwa wamesomea upande mmoja wa chumba, wamebanana wanafunzi sitini na wanane. Mwalimu aliwaahidi kuwa bati zitanunuliwa baada ya mavuno.

Odilia alikaa jikoni muda mrefu. Shetani naye hakuwa mbali. Alimnong'oneza kwamba Babu haoni na mama yuko bondeni, na kosa litakuwa la Bwana Alfonsi, nani atajua? Odilia aliona aibu kali. Mzee alikuwa amemwamini kuliko alivyoyaamini macho yake mwenyewe. Akainuka, akajifuta machozi kwa upindo wa sketi, akaenda barazani.

"Babu, nilikudanganya. Ukurasa wa tatu sikuusoma."

Akausoma sasa hadi mwisho. Kidole cha Mzee kiliacha kugonga goti. Odilia alingoja kofi, au fimbo, au angalau matusi. Mzee aligeuza uso upande ilipokuwa mashine.

"Tulipoileta mashine ile kutoka stesheni ya Ifakara," alisema hatimaye, "trekta lilizama njiani. Tuliivuta kwa kamba siku mbili, wanaume na wanawake. Mama yako alikuwa msichana, alivuta hadi ngozi ya viganja ikatoka. Kila kaya ilitoa magunia mawili ya mpunga. Na mimi nimeitoa kwa dakika moja, hapa barazani." Akatafuta fimbo yake ya kutembelea. "Nipeleke kwa Fidelis."

"Shikamoo, mzee," Bwana Fidelis alisema walipofika.

"Marahaba. Fidelis, kanuni zetu zinasema mali ya kijiji haitoki bila mkutano mkuu. Mkutano ulifanyika lini?"

Mwenyekiti alikohoa. "Tangazo lilibandikwa mlangoni mwa ofisi wiki mbili, mzee. Hakuna aliyepinga."

"Uliwabandikia kuku? Watu wote si wako kwenye madungu?"

"Ndiyo maana nasema, msimu huu hauna mkutano. Na wewe umekwisha kutia sahihi. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, mzee wangu." Lakini macho yake yalikuwa chini. Yeye pia hakuwa ameusoma ukurasa wa tatu. Odilia alimpa, akamwona akiusoma na ukali ukimtoka usoni. Mwishowe akasema, "Leteni nusu ya watu wazima mashineni Jumamosi asubuhi, kabla ya makabidhiano. Wakitimia, nitafungua mkutano. Wasipotimia, sina la kufanya."

Ijumaa mchana, kengele ya mwisho ilipolia, Odilia hakwenda kula. Aliwakusanya wenzake wa darasa la sita na la saba chini ya lile paa nusu, akawaeleza yote, pamoja na kosa lake. Hakuna aliyecheka.

"Tatizo ni ndege," alisema. "Wazazi hawawezi kuacha mpunga. Kwa hiyo kesho alfajiri sisi ndio tutapanda kwenye madungu, wao waje mkutanoni."

"Wote?" mvulana mmoja aliuliza.

"Wote. Ambaye hataki paa abaki amelala."

Kisha akashika njia ya bondeni peke yake, matope hadi magotini. Alipofika kwenye dungu lao, mama yake alimsikiliza huku akirusha madongo kwa kombeo. Uso ulimbadilika mara tatu. Kwanza alimkasirikia Odilia, akamwambia hivyo waziwazi. Kisha akamkasirikia Alfonsi. Mwishowe akafunga khanga kiunoni vizuri, akakunja viganja mdomoni na kugeukia dungu la jirani.

"Mama Stefania eee! Mashine inauzwa kesho! Mkutano asubuhi! Watoto wataamia! Pitisha!"

Mama Stefania aliitikia, akageukia upande wake akapitisha. Kule mbali sauti nyingine ikaipokea, na nyingine. Bonde lile lina madungu mamia, na watu wake wamezoea kupiga kelele kutwa nzima. Habari iliyochukua wiki mbili ikiwa imebandikwa mlangoni bila kumfikia mtu, ilivuka bonde lote kabla ndege hawajarudi kulala.

Jumamosi asubuhi watu walifurika mbele ya mashine, miguu imepakaa matope. Mwenyekiti alihesabu mara mbili, akafungua mkutano. Bwana Alfonsi alifika na pikapu yake kuchukua funguo, akashangaa kukuta umati.

"Msomaji asome," Mzee Teofili alisema.

Odilia alisimama juu ya kreti. Akaufunua ukurasa wa tatu. "Kabla sijasoma," alisema, "mimi ndiye niliyeruka ukurasa huu. Nilitaka kwenda kucheza. Naomba mnisamehe." Akasoma taratibu, neno kwa neno, na kila mtu alisikia. Alipofika kwenye mfuko wa shule, mkutano uliguna kwa pamoja.

"Mimi si mwizi!" Bwana Alfonsi alipaza sauti. "Yote nimeyaandika, wala sikuficha kitu. Mashine ni mbovu, nitaingia gharama. Biashara ikianza inahitaji ruzuku kidogo."

"Ruzuku ni nini?" mzee mmoja aliuliza.

Fausta ndiye aliyejibu. "Ni fedha ya wote ya kumsaidia mmoja. Si vibaya, kama wote wameulizwa na wamekubali. Sisi tumeulizwa leo. Bwana Alfonsi, faida utagawana na watoto wetu?"

"Faida ni ya mwenye mashine, mama."

"Basi na dizeli ni ya mwenye mashine."

Walicheka, lakini hawakuondoka. Walizungumza hadi jua likawa kali. Wako waliotaka mashine isiguswe kabisa. Wengine waliwakumbusha kwamba msimu uliopita walikaa wiki tatu wakitwanga kwa vinu kwa kukosa vipuri. Bwana Alfonsi naye alijua mavuno yako mlangoni na hakutaka kuondoka mikono mitupu. Mwisho, mkataba ule ulifutwa kwa mikono iliyoinuliwa. Bwana Alfonsi akakodishiwa mashine kwa miaka mitatu. Dizeli na matengenezo juu yake. Pumba za mwenye mpunga. Mfuko wa shule usiguswe. Na mkataba mpya, waliamua, utasomwa wote mkutanoni kabla ya sahihi, kisha ubandikwe mlangoni mwa mashine, wala si mwa ofisi. Bwana Alfonsi alinung'unika, akaguna, akatia sahihi.

Watu walipoanza kurudi bondeni kuwapokea watoto, Odilia alimkaribia babu yake.

"Babu, umenisamehe?"

"Nilikusamehe jana, uliposhika njia ya bondeni. Mimi mwenyewe ndiye ambaye bado sijajisamehe." Mzee alimwekea mkono begani, na wale waliobaki wakasogea wasikie. "Wewe uliruka ukurasa mmoja kwa sababu ya mchezo. Mimi niliruka kijiji kizima kwa sababu mgeni aliniita mzee wangu na kuniambia jambo ni dogo. Hata kama ungenisomea kurasa zote nne, bado ningekosea, maana mashine haikuwa yangu peke yangu. Shika hili, mjukuu wangu. Kilichojengwa na wengi kinaweza kuuzwa, kinaweza kukodishwa, hata kusaidiwa kwa fedha za wengi, lakini si barazani kwa mtu mmoja. Wenyewe waambiwe kila kitu, kwa sauti, mpaka aliye mbali kuliko wote asikie. Na anayepewa kazi ya kuwasomea, asome mpaka mwisho."