Androskopu Juu ya Mji Mpya

Usijifanye hukuiona. Ilipita juu ya paa lako, nawe ukainamia chai yako, kama ulivyoinama walipong'oa mibuni ya babu zako na walipofukia chemchemi ya mtaa. Sisi wengine hatusahau.

Na ilikuwa ya kutazamwa! Mara ya kwanza androskopu ilishuka kutoka milima ya Uluguru alfajiri, pana kama uwanja wa mpira, kimya kama unga unaodondoka kutoka kwenye chekeche. Ikatandaza mwanga wa zambarau, na kila mche wa mpapai Morogoro nzima ukang'aa: majike kijani, madume buluu. Mche una majani mawili tu, haujui bado ua ni nini, na mashine imeshajua! Kisha nyuzi za mwanga, nyembamba kuliko unywele, zikashuka maelfu kwa mpigo. Kila dume likawa jivu. Jike lililoligusa halikukunjika hata ncha ya jani.

Mhandisi Salome Kunambi ndiye aliyeiunda. Jina aliliunda kwa mtindo wa wanasayansi wa Kiingereza, wanaokopa kwa Wagiriki maneno kama andro, mwanamume, na skopu, kutazama. Homoni za kiume ni androjeni. Stameni za ua, zinazotoa chavua, ni androesia, yaani nyumba ya wanaume. Androesia hiyo Salome huiita kwa Kiswahili nyumba-dume. Hata roboti lenye umbo la binadamu wakaliita androidi, kana kwamba binadamu ni mwanamume tu.

"Mluguru, mashine yako inatuchukia wanaume," mtani wake Semkiwa, fundi mitambo, alimwambia siku ya kwanza.

"Mbona wewe imekuruka, mtani? Labda haikuona dume."

Wakacheka. Mpapai dume hauzai. Tangu enzi za bibi zetu unakatwa, unakula mbolea bure. Lakini zamani panga lilichoka, madume machache yakabaki vichakani, nyuki wakapata chavua. Androskopu haichoki. Kila mtaa ulijua papai letu la asili halishiki bila dume; kila mtaa ukadhani jirani amebakiza.

Mwaka huu maua yalifunguka, yakapukutika. Sokoni hakuna papai hata la mgonjwa. Dume moja tu limebaki, nyuma ya jiko la Bi Mwandala, Mji Mpya. Lilijificha chini ya bati mpaka juzi upepo ulipoliezua. Leo androskopu imeliona.

"Izime!" Semkiwa alimpigia Salome simu.

"Haizimiki ikiwa angani. Tulifunga njia zote, asije mkubwa akaamuru shamba lake lirukwe. Wewe mwenyewe ulishangilia."

"Sasa?"

"Haichomi penye mtu. Kimbia, mtani!"

Sasa wamesimama, migongo kwenye shina: Salome upande wa mlima, Semkiwa upande wa reli, Bi Mwandala upande wa jiko, mwiko mkononi. Juu yao anga lote ni zambarau, zuri mno hata Salome aliyeubuni mwanga huo ameachama kinywa. Maua ya dume yananing'inia, yamebeba chavua ya mji mzima. Uzi mmoja wa mwanga unauzunguka mti taratibu, unatafuta upenyo.

"Majirani!" Bi Mwandala anayapigia kelele madirisha. "Huku kwenye choo pako wazi! Hakuna mtu!"

Pazia lako limetikisika, umesikia. Toka. Acha mlango wazi, ruka uzio, simama penye upenyo. Sasa hivi.